Shuka la Mama Mdogo

Mimi nina wivu. Nalisema mapema tusije tukasumbuana. Wenzangu huona wivu kwa mume, kwa pikipiki ya jirani, kwa nyumba ya bati la rangi. Mimi nilimwonea wivu mama mmoja wa Kibarbaig aliyekaa chini bondeni, upande wa Hanang, na yote yalianza na ng'ombe wa mama yangu.

Kwetu ni Maretadu, huku juu kwenye baridi. Kila kipande cha ardhi kimelimwa, mahindi na maharage mpaka ukingoni mwa njia, ng'ombe atakula wapi? Ndiyo maana watu wa juu humpeleka ng'ombe kwa rafiki wa chini, kwenye majani. Rafiki anatunza na kunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake na uzao, na mtunzaji naye siku moja hupewa ndama wa kwake. Hakuna kuandikishana. Mmbulu wa huku juu na Mbarbaig wa bondeni wanaweza kugombana kutwa nzima juu ya mifugo iliyoingia shambani, lakini kwa hili wanaaminiana.

Mama alimpeleka ng'ombe wake huko nikiwa sijaanza shule. Siku za mnada alikuwa anashuka na mzigo wa maharage, anarudi na samli na habari. Loo, habari zenyewe! Mwenzangu kasema hivi, mwenzangu kafanya vile. Na mama yangu hakuwa mtu wa kucheka, jamani. Nyumbani alikuwa mtu wa fagia, chota maji, kuku umewafungia? Kicheko chake chote alikiacha huko bondeni, sisi tukaletewa samli.

Aliniambia nimwite yule mama "mama mdogo". Thubutu! Alipopanda kuja kwetu nilimpa shikamoo yake, maana shikamoo hainyimwi mtu mzima, kisha nikaenda zangu jikoni kugonganisha masufuria.

Miaka imekwenda, mama kazeeka. Macho yameingia ukungu, magoti yamekataa ule mteremko. Ndugu zangu wametawanyika na maisha yao, mimi ndiye ninayekaa naye, ninayempikia na kumwogesha. Nikasema haya, sasa atanitazama mimi. Wapi! Jua likishuka tu, "Hebu nipigie mwenzangu." Wanaongea Kibarbaig, lugha ambayo hakunifundisha hata salamu, na mama anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi hapo nimemshikia simu sikioni, mkono unakufa ganzi.

Ndipo nilipopata akili zangu: ng'ombe arudi, si yule wa kwanza aliyekufa zamani, bali huyu wa uzao wake aliyebaki. Niliona ng'ombe ndiye kamba iliyowafunga wale wawili, na akitoka huko watakuwa na lipi la kuzungumza?

"Mama," nikamwambia, "acha nikamlete ng'ombe wako. Utakunywa maziwa ya kwako, nitakukamulia mwenyewe kwa mikono yangu."

"Mwache," akasema. "Amezoea kule."

Nikang'ang'ana, asubuhi na jioni, mpaka akachoka kunisikiliza.

Basi nikashuka kumchukua, yeye na ndama wake. Yule mama hakubisha. Alimsugua ng'ombe shingoni huku akimwimbia taratibu, wimbo wa maneno machache unaojirudia, ule anaomwimbia akimkamua. Halafu akavua shuka lake begani, jeusi kwa moshi na samli, akaninyooshea.

"Chukua, mwanangu. Atakusumbua huyu."

"Asante," nikasema. "Nyumbani mashuka yapo."

Ningejua!

Ng'ombe alinigomea. Ndama akinyonya, maziwa yanashuka vizuri. Nikimvuta ndama pembeni na kuweka mikono yangu, anabana, hatoi hata la kulowesha kidole. Nikampa pumba, nikampa chumvi. Nikambembeleza, nikamtukana. Akanipiga teke, kibuyu cha mama kikapasuka. Na mama ameketi mlangoni na kikombe chake mkononi, anasubiri maziwa niliyomtangazia. Kila siku nikamwambia kesho, kesho. Mwishowe akakiweka kikombe chini.

"Mpigie," akasema.

Nikapiga, roho inaniuma. Yule mama hakuuliza wala hakunicheka. Akaleta shuka kwa bodaboda, limefungwa kwenye mfuko wa salfeti. Yeye mwenyewe hakuweza kuja, magoti yake ni kama ya mama.

Nikalivaa. Lilinuka yeye mtupu, moshi, samli na zizi, na nilitamani kulia kwa hasira, nivae nguo ya yule mama ndani ya boma letu! Nikachuchumaa, nikauimba ule wimbo wake kwa kuguna tu. Ng'ombe akageuza kichwa, akaninusa begani, akashusha pumzi. Maziwa yakaja yakilia ndani ya kibuyu kipya.

Kwa furaha nikasahau kulivua. Nikajaza kikombe, nikampelekea mama mbio mbio. Nilipoinama kumpa, harufu ikamfikia, uso wake wote ukafunguka. Akaweka kikombe kando, akanishika mikono yote miwili, akaipapasa, akaileta shavuni kwake. Tangu nizaliwe sikumbuki mama kunishika hivyo. Akasema maneno marefu ya Kibarbaig, polepole, akacheka kile kicheko cha bondeni.

Mama, ni mimi. Maneno yalikuwa mdomoni. Niliyameza. Nikakaa chini karibu yake, na alipocheka tena nami nikacheka, bila kujua tunacheka nini.

Siku hizi ng'ombe amenizoea. Nikimkamua na gauni langu la kawaida anatoa maziwa bila matata, hata wimbo hataki. Shuka limetundikwa jikoni, juu ya moshi, harufu isije ikapotea. Nikishamaliza kukamua nalitungua, nalivaa, ndipo nampelekea mama kikombe chake.