Jicho la Kamembe, Sukari ya Bukavu

Honorine alikuwa na chumba cha mwisho katika kliniki moja ya macho mjini Kamembe, karibu na daraja la mpakani, na kazi yake ilikuwa kuyapa magonjwa namba. Daktari huandika kwa maneno. Yeye hutafuta namba inayotumika dunia nzima kwa ugonjwa huo na kuiingiza kwenye kompyuta. Majirani zake wa Gihundwe walidhani anauza namba za simu. Aliwaeleza upya kila walipouliza, kwa sababu maongezi aliyapenda kuliko chai.

Namba moja tu ilimsumbua: ya glakoma, ile presha ya jicho, inapoletwa na ugonjwa mwingine. Haikubaliwi peke yake. Namba ya ugonjwa ulioileta hutangulia, ndipo ya jicho ifuate.

Jumatatu moja likamfikia faili la Maman Nabintu, muuza vitenge wa Bukavu, ng'ambo ya daraja. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufa, na la kushoto limeanza kufifia. Daktari Adrien alikuwa ameandika: glakoma ya ugonjwa mwingine, mgonjwa anasema hana ugonjwa wowote, amekataa kutobolewa kidole apimwe damu, apewe matone, arudi baada ya mwezi.

Namba ya kwanza ikakosekana. Na mwezi, Honorine aliwaza, ni mrefu sana kwa mtu aliyebakiwa na jicho moja. Akatoka hadi kwenye benchi.

"Maman Nabintu, juu ya nini ulikatalia dokta kidole?"

"Miye nilikuja na jicho, mwanangu. Kidole kiko na kosa gani?"

"Na ugonjwa mwingine hauna kabisa?"

"Sina."

Honorine alikulia kati ya wafanyabiashara wa mpakani. Aliwajua: laini mbili za simu, marafiki wa huku na wa kule, na mambo ya upande mmoja hayaulizwi upande wa pili.

"Na kule Bukavu, je?"

"Aa, kule iko sukari! Tangu zamani. Lakini ile ni ya dokta Ntabaza, yeye ndiye anaifuata. Ningeileta huku namna gani? Niipitishe kwenye daraja, baipime kwenye mizani?"

Benchi zima likacheka, na Nabintu akacheka kuwazidi.

"Damu yako inavukaga daraja bila jeton ya ruhusa, Maman," Honorine akasema. "Hiyo sukari ndiyo inakula macho."

Kicheko kikamkauka Nabintu. "Hata hili lililobaki?"

"Hata hilo."

Akanyoosha mkono. "Batoboe. Lakini wa kushoto. Huu wa kulia ninapimia vitenge."

Sukari ilikuwa juu mno. Adrien alimpigia simu Ntabaza siku ileile, na tangu hapo madaktari wawili, mmoja kila upande wa daraja, wakamtibu mgonjwa mmoja: dawa za sukari kule, sindano za jicho huku.

Jioni Honorine aliingiza namba ya sukari, halafu ya jicho, na kompyuta ikazipokea. Alibaki ameketi kidogo, akiliwaza lile jicho la kulia, ambalo huenda swali moja la mapema lingeliokoa.

La kushoto halikurudisha kilichopotea, ila liliacha kufifia. Wiki hii Nabintu amemfukuza sokoni muuzaji wa vitenge bandia, baada ya kuvitambua kwa jicho hilo akiwa ng'ambo ya meza.