Barua ya Siku Tisini

Ile barua niliiandika mimi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia watu kwamba iliandikwa na karani wa wakili, na karani huyo nikampa hata sura: mfupi, mwenye miwani, asiyependa kutazamana na mtu. Hakuwahi kuwepo. Barua iliyopigwa redioni mpaka vijana wa Kariakoo wakaikariri niliiandika mezani kwangu, kwa kalamu ya wino, nikiwa na digrii ya fasihi ambayo haijatimiza mwaka.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba, mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, na uani bomba moja la watu wote. Enzi za foleni za sukari hakuna aliyeitamani. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, kila mwenye vijisenti akagundua kwamba tangu utotoni alikuwa anapenda maghorofa. Kaka yangu naye akagundua. Akanunua tai, akaanza kutamka neno "uwekezaji" hata anapoagiza chai. Akapatana na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitenge Mchafukoge: sisi tutoe kiwanja, yeye ajenge, tugawane ghorofa. Kikwazo kilikuwa wapangaji.

"Wewe ndiye msomi," kaka akaniambia. "Waandikie kitu cha heshima, wasije wakatuletea maneno."

Nikaandika kitu cha heshima. "Ndugu Mpangaji, familia inakushukuru kwa ushirikiano wako wa miaka mingi. Kwa kuzingatia mabadiliko ya uchumi yanayoendelea nchini, na katika jitihada za kuupa mtaa wetu sura inayolingana na wakati, unaombwa kukabidhi chumba ndani ya siku tisini. Wapangaji wa zamani watapewa kipaumbele jengo litakapokamilika."

Sentensi ya mwisho hakuna aliyeniagiza. Haikuwemo kwenye mkataba, kaka hakuitaja, mjenzi hakuijua. Niliiweka kwa sababu nilipoisoma barua kwa sauti niliona inaishia pabaya. Chuoni walitufundisha kwamba tamati nzuri humwachia msomaji tumaini. Mwingine angeongeza kishazi. Mimi niliongeza chumba.

Chumba cha tatu alikaa mama mmoja muuza vitumbua, niliyemwita Ma'mdogo ingawa hatukuwa na undugu. Alinisuka nywele tangu darasa la kwanza. Nilipochaguliwa kwenda chuo alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza harusi ya nani. Maandishi yalimsumbua, kwa hiyo barua akampa mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mbili, muuza mitumba, aliyevaa kofia imeangalia kisogoni. Kijana huyo alikuwa anarap, na mimi nilimdharau kwa ukamilifu. Niliamini kurap ni maradhi ya kusema haraka yanayompata mtu asiye na la kusema.

Akaisoma pale uani, mbele ya wanawake waliokuwa wakifua. Nami nilikuwepo, nimekwenda kugawa barua nyingine.

"Inasemaje?" mama yake akauliza.

"Inakushukuru, mama."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuhama."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Heri wewe umeshukuriwa, mie mume aliniacha bila hata barua!"

"Acheni utani," akasema Ma'mdogo. "Kuna pa kurudi?"

Kijana akaisoma sentensi ya mwisho mara mbili. Ma'mdogo akanigeukia. "Ni kweli, mwanangu? Nitarudi kwenye chumba changu?"

"Ndivyo alivyoandika karani wa wakili, Ma'mdogo."

Karani alizaliwa hapo hapo, kando ya bomba.

Ma'mdogo akahamia Mbagala kwa dada yake, akawa analala ukumbini na wajukuu wa dada. Hakutafuta chumba. Atafuteje chumba mtu aliyepewa kipaumbele?

Mwanawe akaenda studio na barua mkononi. Hakuongeza hata neno. Aliweka mdundo wa Kimarekani, kama walivyofanya wote wakati ule, akaisoma barua yangu kuanzia "Ndugu Mpangaji", taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye adabu sana. Sentensi ya mwisho akaifanya kiitikio. Wenye maduka ya kurekodi kaseti wakaikamata, kisha zile redio mpya za watu binafsi, zilizokuwa na saa nyingi za kujaza na cha kujazia hazina. Nikipita mtaa wa Kongo kununua nyanya nasikia wapiga debe wa mitumba: "Kipaumbele, dada! Njoo upewe kipaumbele!" Nilinunua nyanya mbovu kwa haraka ya kuondoka.

Mtangazaji mmoja alimuuliza kijana redioni kwa nini hakutukana kama wenzake. Nilikuwa nakunywa chai, nikaacha.

"Nitukane nini?" akasema. "Zamani mtu alikutolea vyombo nje, ukajua umefukuzwa, ukamchukia, ukalala. Siku hizi anakuhamisha kwa Kiswahili fasaha, unabaki unajiuliza kama hukumkosea wewe. Dhuluma imesoma, bro. Imeenda chuo."

Sikumaliza chai.

Basi wasomi wakaupenda wimbo. Wasomi wetu hupenda umaskini ukishakuwa na mdundo. Idara ya fasihi chuoni, ambako wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha, ikaandaa semina juu ya sauti ya mnyonge katika zama za soko huria, ikamwalika mnyonge mwenyewe, ikampa soda na kiti cha pembeni. Na aliyetoa mada nilikuwa mimi. Sijui ni wazimu gani. Nadhani nilihofu kwamba nikikataa watajiuliza kwa nini.

Profesa mmoja, mtu mwema aliyekuwa anasinzia tangu awamu ya kwanza, akamuuliza, "Kijana, uliibuni vipi lugha hii ya kejeli?"

"Sikubuni, mwalimu. Ni barua ya mama yangu."

Wakacheka, wakaona ni unyenyekevu. Nikasimama kueleza kwamba barua ile ni mbinu ya kisanaa, kwamba mwandishi wake ni mhusika wa kubuni anayewakilisha tabaka zima.

"Sista," akasema yule kijana, bila kuinua sauti, "si unajua nyumba yenyewe iko wapi?"

"Katika fasihi," nikamjibu, "nyumba si lazima iwe nyumba."

Walinipigia makofi. Sijawahi kusema upuuzi mkubwa zaidi ya ule, na nimefundisha muda mrefu.

Akanisubiri kwenye ngazi. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari; ningefurahi hata. Akasema, "Mi' nyimbo hazinipi shida. Niambie kitu kimoja tu. Chumba kipo au hakipo? Bi mkubwa hatafuti kingine. Anasema we' huwezi kumdanganya."

"Nitafuatilia," nikasema. Neno hilo nalo nililipata chuoni.

Nilifuatilia kweli. Wiki iliyofuata nilikwenda Mchafukoge. Yule mzee wa vitenge akaniagizia chai ya tangawizi, akaisoma barua mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hii habari ya wapangaji iko wapi kwa mkataba?"

"Haipo."

"Sasa nani ameahidi?"

Nikamwambia karani. Akanitazama kama anayepima kitambaa na kuona kimepungua.

"Binti, chini yote maduka, watu wameshachukua. Juu, kaka yako ameuza sehemu yenu tangu msingi. Hakuna chumba. Mwambie huyo mama leo."

Sikumwambia siku ile. Kila wiki nilitunga namna ya kumwambia, na kila namna ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia, kwa hiyo nikaendelea kutunga. Ghorofa likafika paa. Ramadhani ikaja ikapita.

Asubuhi moja simu ya idara ikalia, katibu muhtasi akaniita. Alikuwa Ma'mdogo, anapiga kutoka kibanda cha simu Mbagala.

"Mwanangu, hujambo? Nisikuchoshe, hapa dakika zinakwenda. Huku nimepata chumba, kina dirisha na bomba liko karibu. Mwenyewe anataka jibu kabla ya adhuhuri, kuna mtu mwingine anakitaka. Nikichukue, au nisubiri kile cha kwetu?"

Katibu muhtasi alikuwa anapiga chapa. Nikageukia ukutani.

"Kichukue, Ma'mdogo."

"Cha kwetu hakipo?"

"Hakipo."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Ungeniambia kabla ya mfungo, mwanangu, nisingemchosha dada yangu hivi," akasema. Kisha akageuza uso kutoka kwenye simu, akamwambia mtu aliyekuwa naye kwamba chumba anakichukua.