Shuka za Jumatatu

Harufu ya bluu ya kufulia hunichosha mpaka leo. Nikiisikia dukani mgongo huanza kuniuma, na msinicheke, wala si mimi niliyefua. Aliyefua ni mama.

Alikuwa dobi wa hoteli ya kifahari pale Tunduma, miaka ile biashara ilipofunguliwa na malori yakaanza kupanga foleni mpakani. Ghorofa tatu, zulia jekundu hadi kwenye ngazi, mapazia mazito utadhani mablanketi. Tajiri mwenyewe aliandikisha ukutani: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila Jumatatu shuka nyeupe zilijaa juu ya paa zikipigwa na upepo, na watu waliotoka upande wa Zambia walisema loo, hoteli imejaa. Shuleni nilitamba sana.

Likizo moja, nikiwa darasa la tano, nilikwenda kumsaidia. Nikakunjua shuka ya kwanza, mikunjo ya pasi ilikuwa vilevile. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nikamwambia mama hizi mbona safi. Hakuinua kichwa. Alinieleza polepole kwamba madereva walilala ndani ya malori yao, wafanyabiashara walikwenda kwenye gesti za bei nafuu, na tajiri ameamuru shuka zifuliwe na kuanikwa, wageni wawepo wasiwepo, ili hoteli isionekane imekufa.

"Ukilisema hili nje, sina kazi," akasema.

Nikamshauri basi azichovye tu majini, nani atajua? Akajibu kwamba mikono yake itajua, akaendelea kusugua. Wageni hawakuja, na mwenyeji hakupona.

Nilifunga mdomo, na kutamba nikaacha. Hoteli ilikufa tu. Sasa ni ghala la mahindi. Mama alibaki na mgongo uliopinda, mimi nikabaki na shule niliyosomeshwa kwa shuka zile.

Mwaka juzi nilimpeleka Mbeya kutibiwa huo mgongo, tukalala hotelini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala kwenye shuka za hoteli. Asubuhi nilikuta kitanda chake kimevurugika, shuka moja iko sakafuni, mto uko miguuni. Mama huyu, ambaye nyumbani hutandika kabla hajamsalimia mtu! Nikainama nitandike. Akanishika mkono.

"Acha hivyo hivyo, mwanangu. Anayefua ajue mtu alilala."

Nikakaa chini. Miaka yote ile nilidhani kilichomchosha mama ni kufua.