Niling'oa Milamula ya Watu

Kazi yangu ni kupunguza miti inayotishia nyumba. Kiangazi hiki, upepo ulipozidi huku Ngenge, mzee mmoja aliniita nipunguze mkaratusi ulioinamia paa lake. Nilimaliza mapema, mikono ikaanza kuniwasha kutafuta kazi nyingine. Pembeni ya shamba kulikuwa na mstari wa milamula, vijiti vyembamba vyenye kishungi cha majani makavu. Mimi nimekulia Bakoba, mjini. Mmea huo nimezoea kuuona kwenye vyungu vya maua, nikadhani ni mapambo tu yaliyokauka. Basi nikaing'oa yote, nikaichoma, nikapiga reki mpaka udongo ukawa laini kama sakafu. Nikapiga na picha ya kutangazia kazi.

Mzee alitoka, akatazama, akamwita mdogo wake wa shamba la pili.

"Alama za baba zimeondoka," alimwambia. "Zile alizotugawia nazo shamba."

Mdogo akaja kasi, akasimama katikati ya udongo wangu laini. "Mpaka ulipita hapa."

"Waitu, jamani, hapo ni kwangu!" mzee akapaza sauti.

Kumbe ugomvi wao ulikuwa umelala chini ya ile milamula. Wakanigeukia wote wawili.

"Fundi," mzee akasema taratibu, "wewe ndiye wa mwisho kuiona. Tuonyeshe."