Kura Niliyosema Itapotea

Nakumbuka asubuhi niliyomfedhehesha Mama Tabitha mbele ya watu, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka. Hasira yenyewe ni kwangu mimi kwanza.

Nilikuwa kijana, nikimpigia kampeni mgombea wa udiwani hapa kwetu, upande wa Kaplong. Alikuwa na tikiti ya chama kikubwa, kile ambacho kila mtu alikuwa akikiimba msimu ule. Mama Tabitha aligombea kwa chama kidogo ambacho wengi hawakukijua. Lakini ndiye aliyetukusanya tukajenga daraja la mbao la kuvukia mto kupeleka majani chai. Mgombea wetu aliishi Nairobi. Mto wetu hata jina hakulijua.

Basi akina mama wakiwa kwenye foleni ya kupima chai, naye Mama Tabitha akiwa kati yao, nilipanda juu ya benchi nikapiga kelele: "Mkimpa huyu mama kura, mmeitupa! Chama chake hakina hata mbunge mmoja!"

Watu wakacheka. Mama yangu mzazi aliinamisha kichwa. Baadaye aliniambia alikuwa ameamua kumchagua Tabitha, akaogopa, akabadilisha. Wengi walibadilisha.

Tukashinda. Mvua ikaja ikabeba daraja. Kila tulipomtafuta diwani, tuliambiwa yuko mkutanoni. Kisha dada yangu Chelang'at akashikwa na uchungu wa kuzaa. Tulimbeba kwa machela tukazunguka njia ya mbali, na tulipofika hospitali mtoto alikuwa ameshafia tumboni.

Mama Tabitha alikuja kutupa pole. Nilishindwa kumtazama machoni.

"Nisamehe, mama. Niliona kura zitapotea tu."

"Hazikupotea, Joel," akanijibu. "Watu walikuwa nazo mkononi. Wewe uliwatisha wakaziachilia."

Na leo nawasikia nyinyi, na masomo yenu yote, mkisema maneno yale yale: "Huyo ni mzuri, lakini chama chake ni kidogo." Kidogo! Na kile kikubwa kilikuzwa na nani, kama si hofu yenu?

Nisikilize. Chama kipya hakianzii Ikulu. Kinaanzia wadi, kwa barabara moja iliyotengenezwa, kwa mtu mnayemjua mlango wake. Mpeni huyo kura hata akiwa peke yake. Halafu daini sheria ibadilishwe, karatasi ya kura ikuruhusu kuandika chaguo lako la kwanza na la pili, ili wa kwanza akianguka, kura yako imwendee wa pili. Hapo hakuna atakayewatisha tena kwamba mmeitupa. Wakubwa watakataa, kwa sababu hofu yetu ndiyo inawalisha. Msinyamaze!

Mungu akuzeeshe, mwanangu, na siku utakapokuwa na mvi kama mimi, usiwe na mtu wa kumwomba msamaha kwa sababu ya kura.