Mheshimiwa Heraty na Hati ya Nyumba

Mzee Colman Heraty alikuwa na miaka themanini na tatu nilipoanza kusikia habari zake, na nilizisikia ndani ya basi. Rafiki yangu Sikujua ndiye aliyekuwa akimtunza, nyumbani kwa binti wa mzee huyo, huko Arlington, Marekani. Mimi na Sikujua tulikuwa tukiishi jengo moja Alexandria, upande wa West End. Yeye ni Mkongomani wa Uvira, mimi ni Mtanzania wa Mbeya, na tulikutana kwenye kozi ya kutunza wazee. Kila asubuhi tulikaa kiti kimoja mpaka kituo chake, na kila asubuhi alinipa habari za mzee wake, kipande kwa kipande.

Mwanzoni hakuniambia kwamba mzee aliwahi kuwa mbunge. Aliniambia tu kwamba ni Mwairishi, ni mjane, kiharusi kimemlegeza mkono wa kushoto, na ni mkorofi wa chai.

“Violet, ananirudishia kikombe mara tatu! Eti maji hayakuchemka. Mi naona yanachemka, mvuke huu hapa, yeye anasema hayakuchemka kwa moyo.”

Ubunge aliujua kwa sababu ya picha. Ilitundikwa ukutani, karibu na kitanda: wanaume wengi wenye suti nyeusi mbele ya jumba kubwa. Sikujua alikuwa akifuta vumbi, akauliza ni akina nani.

“Wabunge wa Dublin,” mzee akasema. “Mimi ni yule wa mwisho kabisa kulia. Mpiga picha alinikata sikio.”

Siku hiyo ndipo mzee naye alipouliza maana ya jina la Sikujua. Akamweleza kwamba mama yake hakujua kuwa ana mimba mpaka mwezi wa tano, na alipoulizwa na mashemeji alijibu neno hilo hilo moja. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema jina zuri hilo, wanasiasa wote wangepewa.

Tangu hapo wakazoeana. Saa nne asubuhi Sikujua alikuwa na kazi ya kumnyoosha vidole vya mkono ule mlegevu, kimoja kimoja, kwa nusu saa. Inauma, na mzee aliona dawa ya maumivu ni kuzungumza. Ndivyo Sikujua alivyoyapata maisha yake yote. Mzee alizaliwa mji mdogo wa magharibi ya Ayalandi, baba yake akiuza mbegu na misumari. Akapelekwa Dublin kusoma sheria, akarudi kufungua ofisi ya uwakili juu ya duka la baba. Akagombea udiwani, akapata. Akagombea ubunge, akaangushwa kwa kura sitini na moja, idadi ambayo hakuisahau. Mara ya pili akaingia.

Huko bungeni alikuwa na jambo moja. Alitaka sheria ikataze mume kuuza nyumba ya familia bila saini ya mkewe. Basi, ni hilo tu. Nyakati zile, huko kwao, mwenye jina kwenye hati ndiye mwenye neno, na majina yalikuwa ya wanaume.

“Walikukubalia?” Sikujua aliuliza.

“Walinicheka. Mmoja alisimama akasema, Mheshimiwa Heraty anataka tuombe ruhusa hata ya kufungua milango yetu. Bunge zima likacheka, na chama changu ndicho kilichocheka zaidi.”

Muswada ulianguka. Akauandika upya, ukaanguka tena. Uchaguzi ukamtupa nje, akarudi kwenye ofisi ya juu ya duka, akaendelea kuandika barua kwa kila waziri. Miaka ikapita, akachaguliwa tena, na sheria hatimaye ikapita, ikiwa imebeba jina la waziri ambaye zamani alikuwa miongoni mwa waliocheka. Mzee alikuwa amekaa viti vya nyuma siku hiyo. Anasema hakuona uchungu. Alikwenda posta, akanunua stempu.

Sikujua hakumuuliza stempu ya nini. Alikuwa anafikiria la kwake. Alipokuwa na miaka tisa, Uvira, alitoka shambani na mama yake wakakuta mwanamume wasiyemjua anapima mlango wa nyumba yao kwa kamba. Baba alikuwa ameuza nyumba na kiwanja chake. Mama hakuambiwa. Walilala kwa mjomba kwa miaka minne.

Alimsimulia mzee jambo hilo huku ameshika kidole chake cha pete. Mzee akauvuta mkono wake, akageukia dirishani, na siku hiyo hakuirudisha chai hata mara moja. Sikujua akadhani amemchosha.

Sasa, wakati huo Sikujua na mumewe Gratien walikuwa wanakaribia kununua nyumba Springfield. Si kubwa, ni zile zinazoshikana ukuta kwa ukuta, lakini ina ngazi ya ndani na kipande cha bustani nyuma. Gratien anapokea magari ya wageni kwenye hoteli moja, ni mtu wa kanisa, mchangamfu, hajawahi kumpandishia mkewe sauti. Binti yao Tania, wa miaka kumi na sita, alikwisha chagua chumba chake. Karatasi zilipotumwa, Sikujua alizipitia mezani moja baada ya nyingine. Kila mahali palipoandikwa mnunuzi palikuwa na jina moja.

“Baba Tania, jina yangu iko wapi?”

“Mkopo umetoka kwa mshahara yangu, ndiyo maana,” Gratien akajibu. “Ajenti alisema ni rahisi vile.”

Kesho yake Sikujua alimuuliza mzee, kwa sababu alikuwa ndiye mwanasheria pekee anayemjua. Mzee alivaa miwani, akamwambia hajui sheria za Virginia zote, lakini hili liko sawa karibu kila mahali. “Karatasi ya mkopo ni moja, na hati ya nyumba ni nyingine. Mkopo unaweza kuwa wa mtu mmoja, na hati ikawa ya wawili. Mwambie ajenti. Ni kazi ya dakika kumi.”

Sikujua alirudi na habari hiyo akiwa na furaha. Gratien hakuipokea kwa furaha.

“Huyo mzee ndiye amekuambia mi nitakuuzia nyumba?”

“Hakusema vile.”

“Mi na weye tuko kitu moja. Miaka kumi na nane. Mi ni mwizi?”

“Baba yangu pia hakuwa mwizi,” Sikujua akasema. “Alikuwa baba muzuri mpaka ile siku.”

Tania alikuwa kwenye kochi na simu yake. Anakielewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa lugha ya shule. “Dad, it's just one form,” akasema, bila kuinua macho. Gratien akatoka kwenda kuosha gari ambalo halikuwa chafu.

Siku tatu zilizofuata walikuwa na adabu sana nyumbani mwao. Nilijua, maana Sikujua ndani ya basi alikuwa kimya, na Sikujua kimya si kitu cha kawaida. Alimwomba mzee asiliongelee tena jambo lile. Mzee akaahidi.

Siku ya nne theluji ilianguka, mabasi yakasitishwa mapema, na Gratien akaja Arlington na gari kumchukua mkewe. Una, binti wa mzee, alikuwa bado ofisini na asingefika kwa nusu saa hivi, kwa hiyo hawakuweza kuondoka. Mzee akamkaribisha Gratien mezani. Sikujua akachemsha maji, akayachemsha kwa moyo.

“Nilimwahidi mkeo kwamba sitaongelea nyumba yenu,” mzee akaanza. “Kwa hiyo nitaongelea nyumba nyingine.”

Sikujua alishika birika akamkazia macho, lakini mzee alikuwa anamtazama Gratien.

“Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mwanamume mmoja alikuja ofisini, anauza nyumba na shamba. Nilimjua, na nilimjua mkewe, Nora. Nilijua pia kwamba siku ile Nora yuko kwa dada yake aliyejifungua. Nikaandika mauzo. Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Nilikuwa wakili mzuri.”

Akanywa chai kidogo.

“Wiki mbili baadaye Nora akapanda ngazi zangu. Hakulia. Akaniuliza, ulijua kuwa mimi naishi mle? Nikasema, nilijua. Na hukuniuliza? Nikasema, sheria hainilazimishi. Akanitazama hivi, akasema, basi sheria yenyewe haina adabu. Akashuka. Mumewe alikuwa amekwisha vuka kwenda Uingereza.”

Sikujua aliniambia kwamba hapo aliketi, birika bado mkononi. Mwaka mzima alikuwa amenyoosha vidole vya mtu huyu na kusikia habari za kura, miswada na vicheko vya bunge, na hili hakuwahi kulisikia.

“Bungeni nililisimulia mara nyingi,” mzee akaendelea. “Kila mara nilisema, wakili mmoja wa mji wetu. Sikusema ni nani. Binti yangu mwenyewe hajui.”

Gratien alikuwa amevua kofia. Akauliza, “Yule mume, alikuwa mtu mbaya?”

“Hapana. Alikuwa amebanwa na mambo yake. Alinisalimia vizuri sana, akaniulizia mama yangu. Ndiyo maana nilitaka sheria, bwana Gratien. Watu wabaya tunawaona wakija. Sheria ni kwa ajili ya siku ambayo mtu mzuri amebanwa.”

Sikujua akaweka birika mezani, akauliza lile ambalo hakuwa ameliuliza. “Ile stempu, mzee. Siku sheria ilipopita.”

“Nilimtumia Nora nakala. Miezi miwili nikangoja. Akajibu kwenye kadi ndogo: kwangu imechelewa, lakini nina mabinti watatu.” Mzee akakisogeza kikombe chake. “Haya, hii chai nzuri. Niongeze.”

Una akaingia, akakung'uta theluji viatuni, akashangaa kuwakuta watu watatu wakitazama meza. Wakaagana.

Garini Gratien hakuwasha injini. Alikaa na mikono kwenye usukani, kisha akatoa simu, akampigia ajenti. Sikujua alimsikia akisema kwamba kuna jina limesahauliwa kwenye hati, ndiyo, hati, siyo mkopo, na kwamba kosa ni lake yeye. Halafu akaanza kulitaja herufi kwa herufi, polepole, na ajenti alipokosea akaanza tena: S, I, K, U. Sikujua anasema amesikia jina lake likiitwa madhabahuni, hospitalini na kwenye kambi ya wakimbizi, lakini hajawahi kulisikia likitajwa kwa uangalifu kama ule.

Alipomaliza, Gratien akasema, “Ulikuwa na haki, Mama Tania. Nilisikia aibu tu.”

“Mi najua. Washa gari, miguu imeganda.”

Walitia saini mwezi wa tatu, kwenye ofisi moja Springfield yenye zulia la kijani. Gratien akasaini, kisha akamsogezea mkewe kalamu. Jioni hiyo Sikujua alimpigia mama yake Uvira kwa video, akaiweka hati mbele ya kamera. Mama hasomi Kiingereza, lakini jina aliliona. Alilitafuta kwa kidole kwenye kioo cha simu, akalipata, akasema, “Ni wewe huyu.” Akaomba asogezewe tena.

Mzee Heraty naye alikuwa na kazi yake. Wiki ile ya theluji alimketisha Una, akamwambia wakili wa mji wao alikuwa nani. Una akamwambia alikuwa amekisia tangu akiwa msichana, kwa sababu kila alipofika sehemu ile ya hadithi baba yake alishusha sauti. Sikujua anasema tangu siku ile mkono wa kushoto unanyooka vizuri zaidi. Mimi nadhani ni mazoezi. Hatukubaliani.

Mwezi wa tano walifungua nyumba kwa maombi. Una akamleta baba yake. Mzee alikula sombe, yaani kisamvu, na samaki, akaongezwa, akaongezwa tena. Mchungaji Tobias akafanya kosa la kumwomba aseme neno moja, na mzee, mwanasiasa ni mwanasiasa, alisema kwa dakika ishirini na tano akiwa ameshikilia kiti. Alituambia tusipende sheria wala tusiziogope. Tuzisome, zile zisizo na adabu tuzifundishe. Gratien alikuwa anatafsiri kwa Kiswahili cha Uvira, na palipokuwa na vichekesho aliongeza vyake.

Siku hizi napanda basi peke yangu, kwa kuwa Sikujua anatokea Springfield. Lakini hunipigia simu, na mzee bado yuko na bado anarudisha vikombe. Amepata jambo jipya. Chama cha wenye nyumba mtaani kwa Una kinakataza kuanika nguo nje, na mzee anasema shuka isiyopigwa na upepo si shuka, ni kitambaa tu. Amemwandikisha Sikujua barua ya kurasa mbili, ikakataliwa. Akaandikisha ya pili, fupi, akaenda na kiti chake cha magurudumu kuomba saini za majirani, mlango kwa mlango, Sikujua akisukuma. Wamepata kumi na tisa. Juzi chama kimejibu kwamba hoja imewekwa kwenye kikao cha mwezi wa sita, na mzee ameagiza suti yake nyeusi ipelekwe kwa dobi.