Majoho ya Mikono Mirefu

Kanisani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuweza kumwona mtu ana pindo lililofumuka akamwacha apite. Angekushika hapo hapo uani, akushone ukiwa umesimama na Biblia yako kwapani, huku akikuonya usicheke usije ukachomwa. Alikuwa mjane, na cherehani yake ilikaa barazani. Majoho yote ya kwaya yalipita mikononi mwake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Waumini walimwita Kiongozi, maana ndiye aliyewaongoza vijana, akiwafundisha habari za uchumba na adabu, nao wakimsikiliza midomo wazi. Mama Pindo alitembea kifua mbele kwa ajili yake. Mke wa Kiongozi, binti mwembamba mpole, aliimba sauti ya kwanza, na watu wakamwita Sauti.

Kwaya ilipotaka majoho mapya, Sauti alikuja kupimwa wa mwisho. Mama Pindo alipomzungushia futi juu ya kiwiko, binti alivuta pumzi kama aliyeguswa na pasi ya moto. Mama mkwe akapandisha mkono wa blauzi taratibu. Vidole vilikuwa vimeacha alama pale, vyote, na gumba upande wake. Alikijua kiganja kile. Alikikata kucha tangu kingali kichanga.

Sauti alishusha blauzi yake, akatazama mashine.

"Mama, langu nishonee mikono mirefu. Na kola ipande kidogo."

Akamshonea. Alijiambia ni ugomvi wa vijana, utapita. Jumapili Sauti alipolivaa, wanakwaya wakalipenda, jinsi mkono ulivyoshuka hadi kwenye kiganja ukafungwa kwa kifungo. Nao wakataka vivyo hivyo. Basi Mama Pindo akafumua majoho yote akayashona upya, na kwaya nzima ikaimba kwenye joto imejifunika hadi shingoni, jasho likiwatiririka, kila mtu akisema wamependeza. Yeye alikaa benchi la nyuma, hakuweza kuinua macho.

Ugomvi haukupita. Sauti alikuja mazoezini mdomo umepasuka, hawezi kuimba, na habari zikawafikia wazee wa kanisa. Kanisa lile lilikuwa na desturi yake ya kupatanisha. Mume na mke waliketishwa ofisini, kati ya ngoma za kwaya na viti vya plastiki vilivyopangwa, wakahojiwa, wakaombewa, wakashikishwa mikono. Jumapili wakasimamishwa mbele, na kanisa zima likapiga makofi. Mama Pindo alipiga vigelegele kuliko wote. Kabla ya Jumapili nyingine Sauti alikuwa amevunjika mkono, umefungwa plasta, akisema aliteleza akipiga deki.

Lakini aliyemvunja mama huyu kabisa alikuwa mjukuu wake. Mtoto alikuwa akichezea kopo la vifungo pale barazani, likamponyoka, vifungo vikatawanyika sakafuni. Hakukimbia wala hakulia. Alichuchumaa tu, akafunika kichwa kwa mikono yake miwili, akangoja.

Mama Pindo aliacha vifungo vile vile chini, akambeba mtoto, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Kikao kikaitwa tena. Wazee walikuja na sura zao za upatanisho, mmoja tayari amefungua kitabu cha nyimbo achague ubeti. Mama Pindo akasimama.

"Mchungaji, msiwashikishe mikono."

Mzee mwenye kitabu akatabasamu, akasema kwamba siku zote wao hupata kazi ya kumtuliza mama mkwe asimwonee mke, leo mambo yamegeuka. Wawili wakacheka. Yeye hakucheka.

"Huyu nimemzaa mwenyewe. Anampiga mkewe. Mlipomrudisha, nilipiga vigelegele. Mkimrudisha tena tutamzika, na kwaya itavaa majoho niliyoshona mimi kumwimbia."

Kiongozi aliinamisha kichwa. "Mama, unanivua nguo mbele za watu."

"Najua, baba," alisema.

Mchungaji akamgeukia Sauti, akamwuliza swali ambalo katika vikao vyote viwili hakuna aliyekuwa amemwuliza, kwamba yeye mwenyewe anataka nini.

"Nataka kulala bila kusikiliza mlango," alisema Sauti.

Mzee yule akafunga kitabu cha nyimbo.

Siku ile mchungaji alimsindikiza Sauti kituo cha polisi, akakaa naye benchini mpaka maelezo yakaandikwa. Mama mchungaji akahamisha ngoma, akaingiza godoro kwenye chumba kile kile cha upatanisho. Kiongozi akaondolewa kwa vijana, na mafunzo yakachukuliwa na muuguzi mmoja muumini, ambaye alianza kwa kuwaambia kwamba mtu akikupiga hakupendi, hata akilia baadaye. Wasichana kadhaa walibaki nyuma kuzungumza naye. Hilo lilikuwa jema. Lakini nje, wateja wa Mama Pindo walihamishia vitambaa vyao kwa fundi mwingine, wakisema mama aliyemuuza mwanawe atamshonea mtu nini.

Polisi walimweka Kiongozi ndani, kisha wakamwachia kwa dhamana. Ikaonekana chumba cha kanisani hakitoshi, kiko karibu mno. Mchungaji akaandikiana na kanisa jingine, mbali, likakubali kumpokea Sauti na mtoto.

Asubuhi ya safari, Mama Pindo alimfunga mjukuu kamba za viatu, akafungua, akafunga tena. Mama mchungaji alimvuta pembeni ili amnong'oneze ni mji gani. Mama Pindo akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie. Mwanangu akija kunililia, nitamwambia. Najijua."

Sauti alisikia. Alimkumbatia mama mkwe wake kwa mkono mmoja, ule mwingine bado mzito, wala hakuahidi kupiga simu. Mtoto aliuliza kama bibi naye anakuja. Bibi alimwambia akae dirishani, aone magari.

Haikuchukua muda, Kiongozi akaja. Alikuwa amekonda, shati halina kifungo cha juu. Alipiga magoti pale barazani akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, kama alivyokuwa akifanya homa ikimshika utotoni.

"Mama, wako wapi?"

"Sijui."

Aliinua uso, akamchunguza, akaona ni kweli. Ndipo akalia kwa sauti, na majirani wakafunga madirisha yao. Mama Pindo alimpapasa kichwa. Kama angekuwa na jina la mji ule, lingekuwa limeshamtoka.

"Sijui, baba," alirudia, akimwomba Mungu asije akatokea mtu wa kumwambia.